Mnaoanza thieta ya kichwa na shingo, anzeni na damu

Wengi mkifika kwetu macho yanakwenda kwenye darubini na kushona mishipa midogo, maana huko ndiko kwenye sifa. Mimi naomba mwanze na kuzuia damu. Shingoni nafasi ni finyu: donge la damu likibana vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, koo huvimba kwa ndani na mgonjwa akakosa hewa. Likibana vena ya flapu, yaani kipande cha nyama mlichopandikiza pamoja na mishipa yake, flapu inageuka zambarau na inaweza kufa.

Kifaa ninachokitegemea ni baipola, kibano cha umeme cha kuchoma na kuziba mishipa inayovuja. Umeme wake unapita kati ya ncha mbili za kibano basi, wakati ule wa monopola, kifaa cha ncha moja, unapita mwilini hadi kwenye bamba lililobandikwa pajani. Kwa hiyo ukikaribia neva ya uso au mshipa unaolisha flapu, monopola weka kando. Ncha za baipola zifutwe kila mara kwa gozi yenye maji ya chumvi. Zikishika gaga la damu iliyoungua zitanata, na ukizinyanyua zinang'oa pale ulipokwisha kuziba. Vijitawi vya mshipa wa flapu sivichomi kabisa, navitilia klipu, kwa kuwa joto husambaa. Mshipa mkubwa wa shingo unafungwa kwa uzi, tena mara mbili.

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, nilifunga shingo ya kijana tuliyemtoa taya kwa ameloblastoma, uvimbe wa taya, presha ikiwa chini, namba ya juu 90. Palikuwa pakavu, nikaridhika. Wodini presha ikapanda, damu ikaanza kuvuja. Chupa ya dreni, mrija wa kutolea damu shingoni, ilikuwa imetulia, nami nikaona ni dalili njema, kumbe mrija umeziba kwa damu iliyoganda. Muuguzi wa zamu aligusa shingo, akaikuta ngumu, akakata nyuzi palepale kitandani huku mgonjwa akihema kwa shida. Kijana alipona kwa sababu ya mkono wa yule dada.

Tangu hapo sifungi kabla daktari wa usingizi hajairudisha presha kwenye kiwango cha kawaida cha mgonjwa na kuyajaza mapafu hewa, akashikilia kidogo. Vena zilizokuwa zimelala hujionyesha hapo. Dreni naipitisha mbali na mshono wa mishipa, na wodini mrija unakamuliwa. Ukipokea zamu, shika shingo kwa vidole kabla hujasoma chupa, kisha tazama kichwani mwa kitanda kama mkasi na kibano vipo.