Mzee ana sukari na presha, oparesheni ya kongosho ataiweza?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba ana miaka 64, amekutwa na kansa kwenye kichwa cha kongosho, macho yamekuwa ya njano kabisa. Wanataka kumfanyia ile oparesheni ya Whipple. Sasa ana sukari mwaka wa 11 huu, ana presha na sigara hajaacha. Ndugu wanasema mwenye magonjwa yote hayo hatoki thieta, tumrudishe nyumbani. Tufanyeje?
Binti wa Mzee, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hao ndugu hawajakosea kabisa, ila wanahesabu magonjwa kama wanahesabu nazi, wakati kila moja lina vurugu zake. Whipple ni oparesheni kubwa, wanatoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mdogo, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wake, halafu kongosho lililobaki wanalishona upya na utumbo, na hapo penye mshono ndo penye kesi maana maji ya kongosho kazi yake kusaga chakula, yakivuja yanaanza kumsaga mwenyewe. Ndo maana mgonjwa anatoka na mirija tumboni, na kuanzia siku ya 3 maji yanayotoka humo yanapimwa amilesi, yaani kimeng'enya cha kongosho, kuona kama mshono unavuja.

Sasa sikia hii, sukari siyo inayovujisha sana hapo. Kongosho gumu gumu linashika uzi vizuri, linalosumbua ni lile laini lenye mafuta, la mtu mnene, unashona linachanika kama siagi. Sukari ubaya wake uko kwenye kidonda, ikiwa juu kinaoza na usaha hauishi, kwahiyo waombeni kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 3 iliyopita. Presha yenyewe ikitulia sio tatizo sana, naogopa zaidi moyo uliochoka na figo. Sigara je? Hiyo ni nimonia inasubiri tu, aache leo, na mkimkuta kajificha nyuma ya choo mnyang'anyeni. Umanjano nao unafanya damu isigande vizuri, huwa tunachoma vitamini K kabla.

Mwambie apande ngazi za ghorofa 2, akifika juu bila kusimama hiyo dalili nzuri, akisimama njiani mwambieni dokta wa usingizi. Na dawa zake zote tieni kwenye mfuko mumpelekee azione, hata ile mizizi aliyoletewa na shangazi, kuna zingine zinafanya damu iwe nyepesi.