"Asilimia 26 ya Nini, Mwanangu?" Namna Ninavyosoma Habari za Utafiti

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiandaa kipindi kifupi cha sayansi katika redio moja ya jamii hapa Tanga, na kazi yangu ni kuchukua matokeo ya utafiti yaliyoandikwa kwa lugha ya maabara na kuyafikisha kwa watu wanaosikiliza huku wakichambua mchicha au wakisubiri abiria. Kosa ninalolikumbuka zaidi nililifanya mwishoni mwa Julai 2023. Watafiti wa Korea Kusini walikuwa wameweka mtandaoni, tarehe 22 ya mwezi huo, maandiko mawili yaliyodai kwamba wametengeneza mchanganyiko wenye risasi na shaba, waliouita LK-99, unaopitisha umeme bila ukinzani wowote hata katika joto la kawaida la chumba. Kulikuwa na video ya kipande cheusi kilichoinuka upande mmoja juu ya sumaku, upande wa pili ukiwa bado umegusa chini. Niliisoma habari ile kwa shangwe, nikaongeza na langu kwamba umeme unaopotea njiani kwenye nyaya sasa utabaki hadithi ya kale.

Agosti haikuisha kabla maabara za nchi mbalimbali hazijarudia jaribio lile na kukosa walichokidai Wakorea. Ilionekana kwamba usumaku wa kawaida unatosha kukiinua kipande upande mmoja, na kwamba mshuko wa ghafla wa ukinzani waliouonyesha watafiti wale ulisababishwa na salfidi ya shaba iliyobaki humo kama uchafu. Watafiti wa Stuttgart, Ujerumani, walipotengeneza fuwele safi zisizo na uchafu huo, walikuta hazipitishi umeme. Nilirudi hewani kujisahihisha, lakini nadhani kila aliyesikia habari ya kwanza alikuwa sokoni siku ya sahihisho.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti moja, nalo ndilo ninalokushauri: usimpelekee mtu tarakimu ya utafiti kabla hujajua kipimo chake kilianzia wapi na kinalinganishwa na nini. Linasikika jepesi. Ugumu wake niliuonja mwaka 2025, nilipotangaza kwamba dawa ya ivermektini imepunguza maambukizi ya malaria kwa asilimia 26 huko Kwale, Kenya, jirani zetu wa upande wa pili wa mpaka. Kabla kipindi hakijaisha alipiga simu mama mmoja wa Muheza, mkunga mstaafu. Nilimpa shikamoo yake, akaipokea, kisha akauliza, "Asilimia 26 ya nini, mwanangu?" Nilibabaika. Nilikuwa nimesoma muhtasari wa gazeti, na muhtasari haukusema.

Usiku ule niliitafuta ripoti yenyewe. Katika utafiti wa Kwale, baadhi ya maeneo yalipewa ivermektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na mengine yakapewa albendazoli, ile dawa ya minyoo tunayoijua sote, ili kuwe na kundi la ulinganisho. Ivermektini haimkingi moja kwa moja aliyeimeza. Inamuua mbu anayemnyonya damu, na kwa hiyo faida yake inapatikana pale ambapo watu wengi wa eneo moja wameimeza kwa pamoja. Watoto wa miaka 5 hadi 15 walifuatiliwa kwa miezi sita. Waliokuwa kwenye maeneo ya albendazoli waliambukizwa kwa kiwango cha mara 2.66 kwa kila mtoto kwa mwaka, na wale wa ivermektini mara 2.20. Kwa lugha ya mkunga wangu, ungefuatilia watoto 100 kwa mwaka mzima, maambukizi yangeshuka kutoka 266 hadi 220. Ukikokotoa harakaharaka kwa kalamu utapata punguzo la karibu asilimia 17. Ile 26 ilitokana na hesabu iliyorekebishwa kwa tofauti zilizokuwepo kati ya makundi. Zote mbili ni kweli, ila picha ya watoto 100 ndiyo inayomwonyesha mama kwamba malaria bado ipo nyumbani na chandarua hakikunjwi. Wiki iliyofuata nilisoma tarakimu hizo upya, nikaongeza onyo dhidi ya kununua ivermektini ya mifugo kwenye duka la pembejeo, kwa sababu tayari nilikuwa nimeulizwa bei yake.

Katika uhandisi swali hilo hilo hugeuka kuwa la mipaka. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore huko California ilielekeza miale 192 ya leza kwenye shabaha yenye kidonge kidogo cha haidrojeni, na viini vya atomi vilipoungana vikatoa nishati ya megajuli 3.15, ilhali leza zilikuwa zimepeleka megajuli 2.05. Vichwa vya habari viliandika kwamba nishati iliyotoka imezidi iliyoingia, na ni kweli, iwapo kipimo kinaanzia pale mwanga ulipofika kwenye shabaha. Ukikianzisha ukutani, kwenye umeme uliovutwa na mitambo ya leza zile, unakuta megajuli zipatazo 300. Nilipozigeuza kuwa yuniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla), ambazo kila msikilizaji wangu anazijua kwa uchungu wake, nilipata yuniti kama 83 zilizotumika ili kuzalisha pungufu ya yuniti moja. Hili haliifuti hatua kubwa ya kifizikia iliyopigwa, maana hakuna aliyewahi kuvuka mstari ule kabla, lakini linakuzuia kumwahidi mtu umeme wa bure.

Wachumi nao, mtu asikudanganye, wana mipaka yao. Huko Siaya, Kenya, zaidi ya kaya maskini 10,500 zilipewa takribani dola 1,000 kila moja, na vijiji 653 viliingizwa kwenye utafiti, vya kupokea na vya kulinganisha vikichaguliwa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba kila dola iliyoingia ilizalisha shughuli za kiuchumi za dola 2.5 hivi katika eneo lile, na bei zilipanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu. Ninachokipenda katika utafiti huu ni kwamba waliwahesabu hata majirani ambao hawakupokea kitu. Hata hivyo, binamu yangu alipotaka kuutumia kunithibitishia kwamba serikali yoyote ikigawa fedha uchumi utakua mara mbili na nusu, nilimkumbusha kwamba fedha zile zilitoka nje ya eneo, na kwamba mashine ya kusaga inayokaa bila kazi nusu ya siku inaweza kuhudumia wateja wapya bila kupandisha bei, jambo ambalo mashine iliyokwisha kuelemewa hailiwezi. Tulibishana hadi chai ikapoa.

Kuhusu makosa ya hesabu nitasema kidogo tu. Utafiti maarufu wa wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff wa mwaka 2010, uliohusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, ulikuja kukaguliwa mwaka 2013 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, aliyeomba jedwali lao la kompyuta na kukuta safu za nchi kadhaa zimeachwa nje ya wastani, pamoja na dosari nyingine. Kwa hiyo, ukipata nafasi, tazama kama watafiti wameruhusu takwimu zao zikaguliwe na wengine.

Siku hizi nikipata taarifa naandika tarakimu upande wa kushoto wa daftari, na upande wa kulia naandika wapi, kwa muda gani, na dhidi ya nini. Upande wa kulia ukibaki mtupu, habari inasubiri wiki nyingine. Nilipoandika kuhusu chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa kwa zaidi ya watoto 4,800 katika nchi nne, nilikuta tarakimu mbili: ufanisi wa asilimia 75 kwa mwaka mmoja pale malaria inapokuja kwa msimu na watoto wakachanjwa kabla ya msimu huo, na asilimia 68 mahali pengine, Kilifi na Bagamoyo zikiwemo. Magazeti mengi yalichukua 75. Mimi nilianza na 68, kwa kuwa mkunga wa Muheza angeniuliza ipi kati ya hizo ni ya kwao.