Maswali ya wasomaji: theluji na baridi ya Aktiki kandokando ya Maziwa Makuu ya Marekani

Barua nyingi za toleo hili zimetoka Minnesota, Illinois, Ohio na magharibi mwa New York. Nyingine zilifanana, tukaziunganisha.

Ramani ya utabiri wa majira ya baridi inaonyesha jimbo letu lina asilimia 40 ya kuwa na baridi kuliko kawaida. Ndiyo kusema mwaka huu tutafunikwa na theluji? – Msomaji, Minneapolis

Hapana, na tunaomba usinunue wala kuacha kununua kitu kwa sababu ya namba hiyo peke yake. Climate Prediction Center, kituo cha serikali kinachotoa ramani hizo, hugawa hali ya hewa katika mafungu matatu: baridi kuliko kawaida, kawaida, na joto kuliko kawaida. Pasipo dalili yoyote, kila fungu hupewa asilimia 33. Kwa hiyo 40 maana yake mizani imeinama kidogo upande wa baridi, na bado kuna asilimia 60 kwamba mambo yatakuwa ya kawaida au ya joto. Theluji haimo kabisa katika hesabu hiyo. Ramani ya pili huonyesha mvua na theluji kwa pamoja, ikipimwa kama maji.

Jambo la pili ni kubwa zaidi: hiyo ni hali ya wastani wa miezi mitatu, na wastani huficha siku za hatari. Tarehe 30 Januari 2019 Chicago ilishuka hadi nyuzi hasi 23 za Farenhaiti (karibu hasi 31 za Selsiasi). Wiki haikupita kabla kipimo hakijapanda kuvuka nyuzi 40 za Farenhaiti. Tena ulikuwa msimu wa El Niño, ambao kwa desturi hupunguza makali ya baridi kaskazini mwa Marekani, ilhali La Niña huelekea kuyaongeza. Ukichukua wastani wa msimu mzima, siku zile mbili tatu za kuua zinamezwa.

Baridi ya namna ile hushuka pale mzunguko wa pepo za juu zinazoizingira hewa ya ncha ya kaskazini unapoyumba au kuraruka. Wakati mwingine hewa ya tabaka la juu hupata joto ghafla, na athari zake chini huweza kuonekana wiki mbili au zaidi baadaye. Dalili za aina hiyo hazionekani Oktoba. Kwa hiyo soma ramani ya msimu mara moja, kisha iache. Kuanzia Desemba tazama ramani ya siku 8 hadi 14, inayotolewa kila siku, na ikionyesha baridi, hamia kwenye utabiri wa siku saba wa eneo lako. Huo wa mwisho ndio unaofaa kupanga safari na kununua mafuta ya kupasha nyumba joto.

Wenzetu wa maili kumi kusini walizikwa na theluji, kwetu jua linawaka. Redio ilisema theluji itaanguka "Buffalo". Nani alikosea? – Msomaji, Buffalo

Huenda hakuna aliyekosea. Theluji ya ziwa huja kwa mkanda mwembamba. Hewa kavu ya baridi ikipita juu ya maji yenye joto kiasi, hufyonza joto na unyevu, hupanda, huganda, na kumwaga theluji ikifika nchi kavu. Watabiri hutafuta tofauti ya angalau nyuzi 13 za Selsiasi kati ya uso wa ziwa na hewa iliyo karibu mita 1,500 juu yake. Kisha hutazama upepo. Ziwa Erie lina urefu wa maili 240 hivi, na Buffalo iko kwenye ncha yake ya mashariki, kwa hiyo upepo wa kusini-magharibi husafiri juu ya maji kwa urefu wote wa ziwa na kufikia mjini ukiwa umeshiba. Ukigeuka kidogo na kuwa wa magharibi, mkanda wote huhamia vitongoji vya kusini. Novemba 2022 vitongoji hivyo vya Orchard Park na Hamburg vilipata karibu inchi 80, na maeneo ya kaskazini mwa mji yakapata sehemu ndogo tu ya hiyo.

Katika utabiri, basi, usitafute idadi ya inchi kwanza. Tafuta upepo unatoka wapi, na unatarajiwa kugeuka saa ngapi.

Erie ni ziwa la kina kifupi, wastani wa futi 62, na huganda mapema kuliko mengine. Likishafunikwa na barafu, theluji ya ziwa hupungua sana upande wako, wakati Ziwa Ontario lenye kina kirefu huendelea kuimwaga juu ya nyanda za Tug Hill, jimboni New York. Lakini usione ziwa limeganda ukalala usingizi. Januari 1977 Erie lilikuwa limeganda tayari, na tufani iliyoifunga Buffalo ilizoa theluji iliyokuwa imelala juu ya barafu na kuisukumia mjini.

Simu huleta tahadhari za hali ya hewa: mara "Watch", mara "Advisory", mara "Warning". Ipi ni kali? – Msomaji, Columbus

Watch huzungumzia uhakika: hali mbaya inawezekana, bado haijathibitika, nawe una siku moja au mbili za kujiandaa. Warning maana yake hatari inatokea au i karibu kabisa. Advisory ndiyo inayowachanganya watu: uhakika wake ni kama wa Warning, ila madhara yanayotarajiwa ni madogo. Blizzard Warning, yaani tahadhari ya tufani ya theluji, haihitaji hata theluji mpya kuanguka. Inatosha upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperuka kiasi cha kutoona mbele zaidi ya robo maili, kwa saa tatu au zaidi. Tangu msimu wa 2024, tahadhari kali ya baridi iliyokuwa ikiitwa Wind Chill Warning huitwa Extreme Cold Warning.

Baridi "inayohisiwa" ni hasi 19, lakini kipimo kinasoma sifuri. Nimvalishe mtoto kwa kufuata ipi? Na gari je? – Mama, Grand Rapids

Mtoto, fuata ya hasi 19. Sifuri ya Farenhaiti pamoja na upepo wa maili 15 kwa saa huhisiwa kama hasi 19, na huweza kugandisha ngozi iliyo wazi kwa dakika 30. Hasi 10 na upepo wa maili 20 hufikia hasi 35, na muda hushuka hadi kama dakika 10. Upepo hupokonya tabaka la hewa ya joto lililoshika mwili, na ndiyo maana nguo ya nje lazima izuie upepo. Ndani yake weka sufu au kitambaa cha sintetiki. Pamba ikilowa jasho hubaki baridi mwilini. Glavu zinazokusanya vidole pamoja hushinda zile za kidole kimoja kimoja. Kwenye kiti cha gari, mvue koti nene, kaza mikanda, kisha mfunike nalo juu, kwa sababu koti likibanwa na ajali mikanda hulegea.

Kutambua ngozi iliyoganda, vitabu vingi husema tafuta ngozi iliyogeuka nyekundu au nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi hilo halionekani kirahisi. Tafuta sehemu iliyopauka au kuwa ya kijivu, ngumu kwa kuguswa, isiyo na hisia: masikio, pua, mashavu, vidole. Mwingize ndani, usisugue, usimweke karibu na moto, maana hatahisi akiungua. Tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya uvuguvugu, karibu nyuzi 100 za Farenhaiti, kwa dakika 20 hadi 30, na umpeleke kwa daktari. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, usiiyeyushe kwanza. Mtu anayetetemeka, akaanza kuropoka na kupepesuka, kisha kutetemeka kukakoma, joto la mwili wake limeshuka vibaya. Piga 911 mara moja, na umpashe joto kuanzia kifua na shingo.

Gari, kwa upande wake, haliwezi kupoa chini ya sifuri inayosomwa na kipimo. Upepo utaliharakisha kufika hapo, basi.

Tukikwama barabarani, tuache injini inawaka? – Msomaji, Toledo

Dakika kama kumi kila saa. Kabla ya kuwasha, kila mara, shuka ukaondoe theluji kwenye mdomo wa ekzosi, na ufungue dirisha kidogo upande usio na upepo. Bomba likizibwa, kaboni monoksaidi hurudi ndani ya gari. Haina harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Usiondoke kwenda kutafuta msaada wakati huoni mbele: watu hupotea hatua chache kutoka kwenye gari. Tangi lisishuke chini ya nusu. Betri dhaifu itakuangusha asubuhi ya nyuzi sifuri za Farenhaiti, kwa kuwa kwenye baridi hiyo hupoteza hata zaidi ya nusu ya nguvu yake huku injini ikidai nguvu zaidi kuzunguka. Ipimwe Novemba.

Mabomba yaliganda mwaka jana. Nifanyeje safari hii? – Mpangaji, Chicago

Hatari huanza nje kukifika nyuzi 20 za Farenhaiti hivi. Fungua milango ya kabati chini ya sinki, hasa lililo kwenye ukuta wa nje, acha koki idondoshe maji, ya baridi na ya moto, na usishushe themostati chini ya 55 hata ukisafiri. Bomba hupasuka kwa shinikizo la maji yaliyonaswa kati ya barafu na koki iliyofungwa, na ndiyo sababu tone dogo husaidia: linaachia shinikizo. Likiganda, fungua koki, kisha pasha kwa kikausha nywele kuanzia kwenye koki kurudi nyuma. Kamwe usitumie moto. Uvujaji hujitokeza barafu inapoyeyuka, kwa hiyo mwulize mwenye nyumba leo vali kuu ya maji iko wapi. Jiko la oveni na la mkaa si vya kupasha nyumba joto, na jenereta ikae nje, futi 20 au zaidi kutoka madirishani.

Chumvi niliyomwaga ngazini haikuyeyusha kitu. Ni mbovu? – Msomaji, Duluth

Ni nzima. Chumvi ya kawaida ya barabarani hulegea sana chini ya nyuzi 15 za Farenhaiti. Tumia kalsiamu kloraidi, inayofanya kazi kwenye baridi kali zaidi, au mwaga mchanga upate kukanyaga bila kuteleza. Koleo kwanza, dawa baadaye: ukiimwaga juu ya theluji nene inaishia kwenye theluji na haifiki kwenye barafu.