Kabla hujamnunulia mgonjwa wa kongosho vidonge vya madini

Ukiwa na mgonjwa wa saratani ya kongosho nyumbani, simu haipumziki. Tulipomuuguza baba mdogo, kila jamaa alikuwa na chupa ya kutuelekeza: seleniamu ya kuua saratani, zinki ya kupandisha kinga, dawa ya kusafisha sumu za madini mwilini. Walitutakia mema, sina shaka. Ila kama na wewe uko hapo leo, soma haya kabla hujatoa pesa.

Habari ya madini ina msingi. Mwaka 2012 watafiti wa Hispania walitoa matokeo ya kupima kucha za miguu za wagonjwa 118 wa saratani hii na za watu 399 wasio nayo. Kucha hukua taratibu, hivyo huhifadhi dalili za miezi mingi iliyopita. Kadimiamu, risasi (madini ya risasi, si ya bunduki) na aseniki, ambazo ni sumu mwilini, zilikuwa nyingi zaidi kwa wagonjwa. Seleniamu ilikuwa nyingi zaidi kwa wasio nayo. Wauza virutubisho huishia kusoma hapo.

Lakini kongosho ndiyo inayotoa vimeng'enya vya kusaga mafuta na protini. Ikiugua, chakula hupita bila kufyonzwa vizuri, na hamu ya kula nayo imeshapotea. Kwa hiyo huenda ni ugonjwa ulioshusha seleniamu. Tena huko Marekani wanaume zaidi ya 35,000 waliwahi kufuatiliwa, wengine wakimeza seleniamu, wengine vitamini E, ili kuona kama saratani ya tezi dume itazuilika. Mwaka 2008 waliambiwa waache, maana faida haikuonekana. Baadaye ikabainika kuwa waliomeza vitamini E peke yake waliipata saratani hiyo zaidi.

Na hizo za kusafisha sumu? Dawa za kweli za kuondoa risasi mwilini zipo, lakini hutolewa hospitali kwa aliyepimwa akakutwa nayo, kwani zinaweza kuondoa hata madini ambayo mwili unayahitaji.

Kinachonitia hofu mimi ni kadimiamu. Mmea wa tumbaku huifyonza kutoka udongoni, mvutaji akaivuta na moshi, na ikishafika kwenye figo hukaa miaka na miaka. Mvuta sigara ana hatari ya kupata saratani ya kongosho karibu mara mbili ya asiyevuta. Baba mdogo alivuta tangu ujanani. Sikumtajia hilo kitandani, na wewe usimtajie mgonjwa wako. Hakuna anayeweza kuthibitisha chanzo kwa mtu mmoja. Niliwaambia wanawe, wanaovuta bado.

Kwa mgonjwa mwenyewe, angalia choo. Kikiwa cheupe, chenye mafuta, kinaelea na kunuka kupita kawaida, mwambie daktari, umuulize kuhusu vidonge vya vimeng'enya vya kongosho. Humezwa pamoja na chakula, si saa moja baadaye. Saratani haikuondoka, lakini tumbo la baba mdogo lilitulia, akaanza kumaliza bakuli la mtori. Pesa ya chupa za madini ingefanya kazi zaidi hapo.

Kipimo cha damu kikionyesha zinki au chuma imepungua, daktari ataandika dawa na kiasi chake. Zile chupa ambazo jamaa wameshaleta, pamoja na mitishamba, ziweke zote kwenye mfuko uende nazo kliniki, hasa kama mgonjwa yuko kwenye dripu za kemo, yaani dawa za kuua saratani.