Bomba lipo, maji je?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu ya kulinganisha hali ya maisha ya kijijini na mjini. Niliuliza kila kaya kuhusu kipato, umeme na bomba, kisha nikamwomba kila mtu ajipe alama ya kuridhika na maisha, kuanzia 0 hadi 10. Watu wa mjini wamewazidi wenzao kwa kipato, umeme na bomba, lakini kwenye kuridhika wamelingana. Msimamizi wangu anadai data ina walakini. Nizifute alama hizo?
Mwanafunzi wa uzamili

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute hata moja. Kipimo cha aina hiyo, ngazi ya 0 hadi 10, kilienezwa na mwanasaikolojia wa Marekani Hadley Cantril katika kitabu chake cha mwaka 1965, na mpaka leo kinatumika duniani kote. Kinapima jinsi mtu anavyoyaona maisha yake mwenyewe. Mchumi Amartya Sen ameonya mara nyingi kwamba aliyezoea dhiki hujifunza kuridhika na kidogo. Kwa hiyo alama kulingana si ushahidi kwamba maisha yanalingana, wala si ushahidi kwamba umedanganywa.

Mimi nina wasiwasi zaidi na yale maswali mengine. Uliuliza kama bomba lipo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF, wakipima huduma ya msingi ya maji, huhesabu pia muda: kwenda, kupanga foleni na kurudi visizidi dakika 30, na chanzo kiwe kimekingwa na uchafu. Sasa mchukue mtu wa mjini ambaye bomba lake hutoa maji usiku wa manane tu, tena si kila siku, na wa kijijini anayetembea dakika chache hadi kisima kilichofunikwa. Kwenye hojaji yako wa kwanza ana maji, wa pili hana! Rudi ukaulize: maji yalitoka lini mara ya mwisho? Nani huyachota? Humchukua muda gani, pamoja na foleni? Na umhoji huyo mchotaji mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mama au binti, hata kama aliyekufungulia mlango ni baba.

Kipato nacho kina mtego wake. Chakula anachojilimia mkulima hakipiti sokoni. Usipokithamini kwa bei, unamfanya fukara kuliko alivyo. Kwa wa mjini, angalia kinachobaki baada ya kodi ya nyumba na nauli.

Halafu tafadhali, usiuweke mji wote kapu moja. Wastani huficha watu wa mitaa ya mabanda nyuma ya majirani zao wenye nafasi, na hao ndio wanaohitaji kuonekana. Eleza pia umeuitaje mji kuwa mji. Mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha kigezo cha kulinganishia nchi: jiji liwe na watu wasiopungua 50,000, wakikaa kwa msongamano wa angalau 1,500 kwa kilomita ya mraba.

Msimamizi mpelekee majedwali mawili, la hali halisi na la kuridhika. Akikushauri uyajumlishe yawe namba moja, mwombe kwa heshima akuruhusu uyaache yalivyo.