Mwalimu, yoga ipi itanifaa mimi nisiyegusa hata vidole vya miguu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 41, kazi yangu ni ya kukaa mbele ya kompyuta kutwa, na mgongo umeanza kulalamika. Nilijiandikisha kwenye darasa la yoga lililotangazwa kuwa ni "vinyasa, ngazi zote". Ngazi zote kweli? Wenzangu walikuwa wanapanda na kushuka bila kuambiwa, mimi bado natafuta mguu wa kushoto ni upi. Nilitoka vifundo vya mikono vinauma, na aibu juu yake. Rafiki mmoja ananiambia niende ile ya chumba cha joto. Mwingine anasema Ashtanga ndiyo yoga yenyewe, zingine ni michezo. Mimi nikiinama mikono inaishia magotini. Nianzie wapi, au niachane nayo?
Mkavu wa Viungo

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiachane nayo. Tafuta darasa la polepole la hatha, yaani la mikao ya kawaida, au la Iyengar la wanaoanza, mtindo wa kurekebisha mkao kwa vifaa, ukae humo miezi michache. Vinyasa utairudia ukitaka.

Kwanza tuzungumzie hivyo vifundo. Katika vinyasa kila mwendo umefungwa kwenye pumzi. Unavuta, mikono juu, unatoa, unainama, unavuta, unatazama mbele, unatoa, miguu inarudi nyuma na kifua kinashuka karibu na mkeka, viwiko vimebanwa mbavuni. Kushuka huko ndiko kunakowaumiza wageni. Aliyezoea anapita hapo kwa sekunde moja. Asiyezoea anaubwaga uzito wote kwenye kiganja, pale kinapopakana na kifundo, kisha anarudia tena na tena mpaka darasa liishe. Mwalimu naye hawezi kusimama akutazame wewe peke yako, maana akisimama darasa zima linakwama. Na hayo maneno "ngazi zote" kwenye tangazo, mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna atakayezuiwa mlangoni.

Jaribu hivi nyumbani. Tegemea mikono na magoti sakafuni. Tandaza vidole vyote, halafu kandamiza chini shina la kidole gumba na la kidole cha shahada mpaka usikie uzito unasogea kuelekea vidoleni. Kifundo kitapata nafuu palepale. Kama bado kinauma, kunja ngumi au tegemea viwiko, na mwalimu yeyote anayestahili ada yako hatakukataza.

Sasa rafiki yako wa Ashtanga. Mtindo huo umeenezwa na K. Pattabhi Jois wa Mysore, India, mwanafunzi wa T. Krishnamacharya. Miaka ya 1930 Krishnamacharya alikuwa akifundisha katika kasri la Mysore, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wavulana: wepesi, wenye nguvu, hawajakaa ofisini hata siku moja. Ukiiangalia Ashtanga utaiona asili hiyo. Mikao inafuatana kwa mpangilio mmoja usiobadilika, na mfululizo wa kwanza peke yake unakaribia saa moja na nusu. Ni mtindo mzuri, ninao wanafunzi walioupenda wakahamia huko moja kwa moja, ila haukutungwa kwa kuufikiria mgongo wa mtu wa kompyuta.

Lakini Krishnamacharya huyohuyo alikuwa na mwanafunzi mwingine, ambaye pia alikuwa shemeji yake: B.K.S. Iyengar (1918–2014). Huyu alikuwa mtoto wa maradhi. Malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, vyote vilimpitia. Ndiye aliyekuja kuyafanya matofali, mikanda, blanketi na viti kuwa vitu vya kawaida kwenye chumba cha yoga. Na Krishnamacharya mwenyewe, baada ya kuhamia Madras, alifundisha mtu mmojammoja, akimpangia kila mtu mazoezi kwa umri wake na afya yake. Kwa hiyo anayekwambia ipo yoga moja tu "yenyewe", mwambie mwalimu wa walimu wao hakufundisha hivyo.

Uone tofauti kwenye mkao mmoja, wa pembetatu. Umesimama miguu imeachana, mkono wa kulia unashuka upande wa mguu wa kulia. Kwenye darasa la mbio utaona watu wanajikunja kiunoni ilimradi vidole vifike chini. Kwenye darasa la Iyengar utawekewa tofali kando ya mguu, kiganja juu yake, na hapo ndipo kazi inapoanza: ubavu wa chini urefuke, paja ligeuke nje, goti lisisukumwe nyuma. Mnakaa humo mwalimu akizunguka. Wapo wanaochoshwa na maelezo hayo, hasa wapenda jasho, na siwezi kukuficha kwamba baadhi ya walimu wa Iyengar ni wakali. Wewe vumilia. Kwa mwili ulioshinda kitini, kurekebishwa mkao mmoja vizuri kuna faida kuliko kupitia thelathini kwa kukisia.

Mikono kuishia magotini si ugonjwa. Kinachokuzuia kwa kawaida ni misuli ya nyuma ya mapaja. Ukiinama, kunja magoti kiasi cha tumbo kugusa mapaja, kisha uyanyooshe polepole mpaka pale mgongo unapotaka kujipinda, uishie hapo. Ukikaza magoti tangu mwanzo, mgongo wa chini ndio utakaobeba gharama, na huo tayari umeshakulalamikia. Hata kukaa miguu ikiwa imekunjwa, usikae sakafuni pakavu. Kalia blanketi lililokunjwa, magoti yawe chini kuliko nyonga. Kama bado yameinuka, ongeza blanketi la pili. Watu wengi niliowaona wakikata tamaa ya kukaa hivyo walikosa blanketi tu.

Hatha kwenye ratiba ni jina pana, na madarasa mawili ya jina hilo yanaweza yasifanane kabisa. Piga simu uulize: mnakaa muda gani kwenye mkao mmoja? Vifaa vipo? Mtu anayeanza anapewa nini wengine wakifanya mkao mgumu? Mwalimu akisita kwenye swali la tatu, nenda kwingine.

Ya joto: mfumo ulioenezwa na Bikram Choudhury una mikao 26, mazoezi mawili ya kupumua yakiwemo, dakika 90, chumba kama nyuzi 40. Kwa anayeanza una jambo moja zuri, kwamba mazoezi hayabadiliki, ukiyajua leo umeyajua. Ubaya wake ni kwamba joto hulegeza misuli ukajiona mwepesi kuliko ulivyo, ukavuka mpaka wako na kuja kulijua hilo kesho yake asubuhi. Mjamzito, mwenye presha au mwenye ugonjwa wa moyo asiingie humo bila daktari kumruhusu. Wewe hukuyataja hayo, lakini mgongo unaolalamika nisingeupeleka huko kwanza.

Ukisikia yoga iitwayo yin, usidhani polepole ni rahisi. Mkao mmoja dakika 3 hadi 5, umekaa au umelala, na akili ndiyo inayotoka jasho. Ile ya kujipumzisha, ya mito na blanketi, ndiyo laini kuliko zote. Mnafanya mikao michache tu, mwili umeegemezwa kila mahali. Hiyo iwe ya siku uliyochoka.

Ndani ya darasa lolote, kipimo chako kiwe pumzi. Patanjali, ambaye maandishi yake juu ya yoga yanaheshimiwa hadi leo, kuhusu mikao alisema machache sana, na kubwa lake ni kwamba mkao uwe thabiti na uwe wa raha. Ukiwa kwenye mkao unaweza kupumua puani, taya halijakaza? Kaa. Umeanza kuhema mdomoni au umeizuia pumzi bila kujijua? Rudi nusu, au piga magoti uweke paji la uso chini upumzike, hata kama chumba kizima kinaendelea. Misuli kuvutika katikati yake ni sawa. Maumivu makali kwenye kiungo, au ganzi, ni amri ya kutoka.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi nimestaafu, nina presha ninayoitibu kwa vidonge, na magoti yangu yakishuka sakafuni kupanda ni kesi. Binti yangu ananisisitiza nifanye yoga. Ananitania au ni kweli?
Baba wa Magoti

JIBU: Nzuri, mzee mwenzangu. Binti hakutanii. Ipo yoga ya kiti, na si ya kuonewa huruma. Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, kisogeze ukutani. Kaa mbele kidogo, mgongo usiegemee, nyayo zote mbili sakafuni. Mikono magotini. Ukivuta pumzi kifua kinafunguka na kwenda mbele. Ukiitoa mgongo unajipinda na kidevu kinashuka. Rudia taratibu, na umeshafanya mkao ambao wengine wanaufanya wakiwa wamepiga magoti.

Kwa sababu ya presha, mwulize daktari wako kwanza, kisha mwambie mwalimu kabla ya darasa, si katikati. Usizuie pumzi hata mara moja. Mikao ya kichwa kuwa chini kuliko moyo iache mpaka daktari aseme vinginevyo, na kama una presha ya macho iache kabisa. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu apate kizunguzungu akiinuka ghafla, kwa hiyo baada ya kuinama inuka kwa hatua: mikono mapajani, kiwiliwili, kichwa mwisho. Kama mifupa imedhoofika, nayo iseme, maana kuinama kwa kuupinda mgongo na kujisokota kwa nguvu havikufai.

Magoti usiyanyamazie. Goti halikuumbwa kujisokota. Ukiona mwalimu anamsukumia mtu goti chini kwa mkono wake ili akae vizuri, chukua viatu vyako.

SWALI: Mwalimu, naomba unijibu bila kunizunguka. Nikienda yoga nitaimbishwa nyimbo za dini nyingine? Imani yangu sitaki kuichezea.
Msomaji wa Siku Zote

JIBU: Inategemea darasa. Yoga imetoka India na ina mizizi katika dini za huko, na mwalimu anayekana hilo anakudanganya. Madarasa mengi ya Iyengar huanza kwa sala fupi ya kumtaja Patanjali, Ashtanga ina mantra ya kufungulia, yaani maneno ya sala yanayokaririwa, na mtindo uitwao Kundalini umejaa kuimba, kwa hiyo huo huenda ukakukera. Kwenye madarasa ya jimu, au ya kiti, mara nyingi hutasikia chochote zaidi ya "vuta pumzi". Uliza kabla hujalipa. Kama wengine wanaimba na wewe hutaki, kaa kimya, hakuna adabu uliyovunja. Na kama dhamiri bado inakuuma, mazoezi ya kunyoosha viungo yapo ya namna nyingi, mgongo wako hautadai jina.

SWALI: Hujambo Mwalimu. Naona haya kwenda darasani. Video za simu zinatosha?
Mwenye Haya

JIBU: Sijambo, mwanangu. Zinatosha kwa kuendelea, hazitoshi kwa kuanza, kwa sababu video haikuoni. Ukiweza, lipia vipindi viwili vitatu na mwalimu, hata peke yako kama haya imezidi, akuonyeshe mikono, magoti na mgongo wako vinafanya nini. Ikishindikana kabisa, chagua video ya wanaoanza ya dakika 20 ambayo mwalimu anaonyesha namna mbili za kila mkao, kisha siku moja simamisha simu ubavuni ujirekodi. Jitazame hasa unapoinama ukiwa umesimama, na unapotegemea mikono na miguu kiuno kikiwa juu. Mgongo ukiuona umejipinda na magoti yamekazwa, yakunje na urudie. Ukishindwa kuelewa unachokiona, nitumie maelezo yake hapa, nitayajibu toleo lijalo.