Kabla hujabadilisha modeli, soma maelezo ya zana yako

Juzi usiku kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Kaka, wakala wangu wa akili mnemba nimemuunganisha na kalenda ya ofisi, lakini anawapa wateja siku za uongo. Nibadilishe modeli?" Wakala ni programu inayowajibu watu kwa niaba yako, na modeli ndiyo ubongo wake. Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilohilo niliwahi kulizungusha kwa watu, hakuna aliyenijibu, na gharama yake nikaibeba peke yangu.

Ilikuwa Juni 2025. Nilikuwa nimeijengea kliniki moja ya macho hapa Dar mfumo wa kutazama nafasi za daktari. Mgonjwa anaandika WhatsApp, wakala anaiita zana yangu, yaani programu ndogo niliyomwandikia, zana inasoma kalenda na kurudisha saa zilizo wazi. Niliijivunia kazi ile, na sehemu kubwa yake naijivunia mpaka leo.

Jumatatu ya tarehe 16, bibi mmoja alitoka Mkuranga alfajiri, akashikwa mkono na mjukuu wake aliyekosa shule kwa ajili hiyo. Wakala alikuwa amemwandikia: "Jumatatu saa nne asubuhi nafasi ipo, karibu." Daktari yule anafika kliniki Jumatano na Ijumaa tu. Bibi akakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ndiye daktari. Mwenye kliniki akanipigia simu, akasema, "Mashine yako inadanganya wazee," akakata.

Nilifanya anachotaka kufanya kijana wa Mwanza. Nikahamia modeli ya bei kubwa zaidi, nikailipia kwa fedha yangu. Wiki mbili. Jibu zuri leo, baya kesho. Rafiki yangu mmoja akaniambia tatizo ni Kiswahili, niandike kila kitu kwa Kiingereza. Nilikaribia kumsikiliza.

Usiku mmoja nikafungua kumbukumbu za seva, yaani rekodi za kila ombi ambalo wakala aliituma kwa zana, nikazisoma mstari kwa mstari. Wagonjwa watatu walikuwa wameuliza jambo moja: Jumatatu kuna nafasi? Kwa wa kwanza wakala alituma `siku: 1`. Kwa wa pili, `siku: 2`. Kwa wa tatu, ambaye ni bibi yule, `siku: 3`.

Nikarudi kwenye maelezo niliyoyaandika mwenyewe: "Hutafuta nafasi kwenye kalenda. siku: namba ya siku, 1 hadi 7." Basi. Hayo tu ndiyo wakala aliyoyaona. Msimbo wangu, yaani maagizo ya ndani ya zana, haoni. Anaona jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, yaani sehemu za kujaza kama ile `siku`. Na namba zote tatu zilikuwa na haki. Kwa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa, Jumatatu ni siku ya 1. Anayeanza kuhesabu na Jumapili, Jumatatu kwake ni ya 2. Kwa Kiswahili chetu jina lenyewe linasema: Jumamosi ndiyo ya kwanza, Jumatatu ni ya tatu. Zana yangu ilifuata ISO, kwa hiyo 3 ilikuwa Jumatano, na Jumatano nafasi zilikuwepo. Hakuna aliyedanganya. Mimi ndiye sikusema. Na kwa Kiingereza utata ungebaki, maana hata huko wapo wanaoanza na Jumapili na wapo wanaoanza na Jumatatu.

Nikaifuta ile namba. Sasa kigezo ni tarehe kamili, `2025-06-18`, na jibu linarudi na tarehe pamoja na jina la siku, "Jumatano", ili vikigongana wakala avione. Jibu linabeba pia tarehe ya leo, kwa sababu modeli usipoiambia leo ni lini, "kesho" ya mgonjwa itaibahatisha.

Kwenye saa nilikaa zaidi. Mgonjwa akiandika "saa mbili" anamaanisha 08:00, au 20:00 kama ni usiku. Nilikuta wakala ameuliza nafasi za 02:00 na kupewa jibu kwamba hakuna. Sasa kila saa inatoka mara mbili: `2025-06-18T10:00:00+03:00` kwa ajili ya kompyuta, na "saa nne asubuhi" kwa ajili ya mgonjwa. Hesabu ya kuondoa sita inafanywa na zana. Usimwachie wakala hesabu ambayo msimbo wako unaiweza. Na ile +03:00 iandike kila mara. Sisi saa zetu hazibadiliki kwa majira ya mwaka, kwa hiyo ni rahisi kuisahau, lakini seva inaweza kuwa inatumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, na hapo saa nne yako inageuka saa saba mchana.

Halafu orodha tupu. Zana ilikuwa inarudisha orodha tupu daktari akijaa, daktari asipokuwa zamu, na hata kalenda ikikataa kufunguka. Asubuhi moja ruhusa ya kalenda iliisha muda, na wakala akawaambia watu wote kwa upole kwamba daktari amejaa. Siku hizi kila hali ina neno lake, na maelezo yanasema wakala afanye nini kwa kila neno. Idi nayo nimeiandikia mstari: inategemea kuandama kwa mwezi, asimwahidi mtu siku hiyo.

Ndugu zangu, tunapenda sana kujenga na tunachukia kueleza. Nimesikia watu wakisema maelezo ni kazi ya anayeanza. Mimi nasema ni kazi ya anayeijua zana kuliko wote. Mfanyakazi mgeni atakuuliza asipoelewa. Wakala hatakuuliza, atachagua maana moja na kusonga mbele, na atakayelipa ni mtu aliyepanda daladala alfajiri. Andika siku inahesabiwaje. Andika saa ni ipi. Andika utupu maana yake nini. Ukimaliza, rudia kuyasoma kama mtu asiyekujua.

Kliniki ile ilinirudia baada ya miezi miwili. Kabla ya kuwasha mfumo, niliyachapisha maelezo mapya kwenye karatasi, nikampa dada wa mapokezi, mtu ambaye hajawahi kuandika programu. Nikamwomba anionyeshe angeombaje nafasi za wiki ya tarehe 15 hadi 19. Akasoma, akaweka kidole kwenye neno `hadi`.

"Hii kumi na tisa yenyewe imo, au inaishia kumi na nane?"

Msimbo wangu ulikuwa unaishia kumi na nane. Tarehe 19 ilikuwa Ijumaa, siku ya daktari. Nikarekebisha msimbo palepale mezani kwake, kisha kwenye maelezo nikaongeza maneno manne: tarehe ya mwisho imo.